Gari Lililorudi Lilikotoka

Ndugu msomaji, ukisimama Chalinze asubuhi yoyote utayaona magari yaliyoteremshwa bandarini Dar es Salaam yakipita mfululizo kuelekea bara. Hayana namba za Tanzania. Vioo vyake vimebandikwa makaratasi, na ndani yake mara nyingi yumo dereva peke yake, au dereva pamoja na abiria wawili watatu aliowaokota njiani kinyume cha taratibu. Watu wa barabarani huyaita magari ya IT, maana yanapita tu nchini mwetu kwenda nchi nyingine. Yanakwenda Tunduma, na kutoka hapo huingia Zambia, na mengine hufika hadi Lubumbashi. Yalikwisha kutumika Japani, na sasa yanakwenda kuanza maisha ya pili. Siku ninayotaka kukusimulia, katika wiki ya mwisho ya Juni 2024, mimi na shemeji yangu tulikuwa tukipishana nayo. Yenyewe yalikuwa yakipanda, nasi tulikuwa tukishuka. Tulikuwa tunalirudisha gari letu Dar es Salaam kwa mtu aliyetuuzia, siku ya sita tangu tulipolinunua.

Nasema "letu" kwa heshima ya undugu tu. Gari lilikuwa la shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu wa hisabati aliyestaafu baada ya kufundisha shule za sekondari kwa miaka 34. Mtaani kwao Morogoro hakuna amwitaye kwa jina. Wote humwita Mwalimu. Alipopata mafao yake, yeye na dada walikaa jioni nyingi mezani wakipanga na kupangua. Wengine waliwashauri wajenge vyumba vya kupangisha, wengine wafuge kuku. Dada ndiye aliyesema wanunue gari la viti vinane ili awe anawapeleka watoto shuleni na kuwarudisha, kwa kuwa wazazi wa Kihonda hutoka alfajiri kwenda kazini na watoto wao hubanwa katika daladala na watu wazima. Alizungumza na wazazi kumi na mmoja, ambao angewachukua kwa mizunguko miwili. Shule zilikuwa zifunguliwe Julai. Ndipo Mwalimu akateremka Dar es Salaam na shilingi milioni 13, akarudi na gari.

Lilikuwa gari zuri kwa macho. Rangi yake ya fedha ilikuwa haijachubuka, viti vyake vilifunikwa nailoni, na magurudumu yake yalipakwa dawa yakang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Namba yake ilikuwa ya mfululizo wa D, nawe unajua jinsi wenzetu wa mjini wanavyolipima gari kwa herufi hiyo kana kwamba ni cheti cha ubatizo. Mita ilionyesha kilometa 98,000. Kutoka yadi hadi Kibaha lilikwenda vizuri. Lilipokaribia Mikese, zikiwa zimesalia kama kilometa 30 kufika nyumbani, moshi mweupe ulipanda kutoka chini ya boneti, na Mwalimu akaingia Morogoro usiku, akivutwa na lori la mchanga.

Kesho yake fundi wa mtaani alilifungua mbele yetu. Nataka nikueleze aliyoyaona, maana ndiyo yaliyotutia barabarani. Maji ya rejeta yalikuwa ya rangi ya kutu, nayo yalichanganyika na unga unga wa dawa ile inayomiminwa ili kuziba mahali panapovuja. Feni ya kupoza injini ilikuwa imeunganishwa kwa waya moja kwa moja, ikizunguka tangu unapowasha gari hadi unapozima, badala ya kusubiri joto lipande. Kisha fundi akafungua kikombe kinachokaa themostati, akatuonyesha ndani. Hapakuwa na kitu. Themostati ni mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Mtu akiuondoa, maji huzunguka wakati wote na injini huchelewa kupata joto. Kwa safari fupi za mjini dereva hataona lolote. Lakini gasketi ya silinda hedi ikiwa imekwisha kuungua, moshi wa injini huingia katika njia ya maji na kuyasukuma nje, na ukilikimbiza gari saa mbili katika barabara kuu hakuna feni wala dawa itakayolizuia lisichemke. Alipoiwasha injini rejeta ikiwa wazi, mapovu yalipanda mfululizo kama chungu cha uji.

"Hili halikuharibikia mikononi mwenu," fundi alisema huku akijifuta mikono. "Hili lilifichwa."

Mwalimu hakujibu. Alikuwa ameinama mlango wa dereva umefunguliwa, anasoma kistika kidogo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, chenye maandishi ya Kijapani. Mafundi wa Japani hubandika vistika vya namna hiyo wanapobadili oili, ili mwenye gari akumbuke lini arudi. Maandishi hatukuyajua, ila tarakimu ni tarakimu kila mahali. Palikuwa na namba 27, na chini yake 131,000. Usiku ule Mwalimu aliuliza huku na huko kwa simu hadi akaelewa kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na kwamba enzi iitwayo Heisei ilianza mwaka 1989. Basi mwaka wa 27 wa enzi hiyo ni 2015. Kwa hiyo mwaka 2015, likiwa bado Japani, gari hilo lilikuwa limekwisha kutembea kilometa 131,000. Likaja kwetu, likatembea miaka mingine katika mashimo yetu, na mwisho wake likawa na kilometa 98,000.

"Miaka 34 nimefundisha kwamba ukijumlisha namba chanya jibu haliwezi kupungua," alisema. Dada alicheka, kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Tuliondoka Morogoro saa 11 alfajiri, mimi nikiwa usukani kwa sababu nimeizoea njia hiyo. Fundi alikuwa ametuonya tusipite kilometa 60 kwa saa, na tusimame kila baada ya kilometa 25 hivi injini ipoe ndipo tuongeze maji. Wengine walitushauri tukodi gari la kulivuta, lakini bei tuliyotajiwa ilimfanya Mwalimu akunje kitambaa chake cha mkononi mara nne. Basi tukapakia dumu la njano la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula, tukaongeza la pili dogo, tukaanza safari ya kunywesha gari maji kama watu wanaoswaga ng'ombe mgonjwa kwenda mnadani.

Tulipita Msamvu kukiwa bado giza. Mahali hapo, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka na kuwaua zaidi ya 100. Mwalimu alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani miongoni mwao. Kila apitapo hapo huvua kofia, hata akiwa ndani ya gari bovu.

Milima ya Uluguru ilianza kuonekana nyuma yetu kulipokucha, imevaa ukungu mabegani. Nimekwisha kuitazama mara mia kupitia dirisha la basi, lakini sikuwahi kuitazama kwa starehe kama siku ile, maana pale Mikese tulisimama dakika arobaini boneti ikiwa wazi. Ukisafiri kwa basi, ndugu msomaji, Barabara ya Morogoro ni ubao mmoja wa kijani kibichi na vibao vya spidi 50. Ukisafiri kwa gari linalochemka unaifahamu kipande kwa kipande. Mikese kuna wauza mkaa waliopanga magunia yao kando ya njia, yamefungwa juu kwa majani, na kila gunia lina kilemba chake. Mmoja wao, kijana mwenye jaketi la kijeshi lililochakaa, alikuja bila kuitwa akaweka matawi ya miti barabarani nyuma yetu ili malori yatuone, ingawa tulikuwa tumekwisha kuweka pembetatu. Alituambia kwamba magari mengi husimama hapo.

"Mengi ni ya Morogoro?" Mwalimu aliuliza.

"Mengi ni mapya, mzee. Yametoka kununuliwa."

Bwawani tulisimama tena, na Ubena Zomozi mara nyingine, na tulipofika Mdaula dumu kubwa lilikuwa tupu. Mama mmoja auzaye chai alitujazia maji kisimani kwake akakataa malipo, ila akasisitiza tunywe chai yake, nasi tukanywa na chapati mbili mbili. Hapo kila gari la IT lililopita Mwalimu alilisindikiza kwa macho. Alinikumbusha kwamba alipokuwa kijana magari hayakununuliwa yadi. Kulikuwa na Shirika la Serikali la Magari, na mtu aliyetaka gari aliomba kibali, akasubiri, akasahau kwamba anasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa haba, magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri bila ruhusa, na watu wa Dar es Salaam walirudi kutoka kanisani na ufukweni wakitazama saa zao. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mlango ulifunguka kidogo, halafu ukafunguka sana. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Huko gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo, kwa hiyo watu wengi huona afadhali kuuza gari ambalo kwetu ni zima kabisa. Ndiyo maana mwalimu mstaafu wa Morogoro anaweza kuwa na gari. Mwalimu hakusema haya kwa uchungu. Alisema enzi ile hukudanganywa kilometa, ila gari lenyewe hukulipata.

Chalinze tulifika saa nne kasoro. Njia ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha inachepuka hapo, na kwa hiyo Chalinze haiishi kula: mishikaki, mahindi ya kuchoma, machungwa yaliyomenywa na kupangwa kama mpira wa watoto. Injini ilihitaji saa nzima ya kupoa. Tukakaa chini ya turubai la muuza juisi, na hapo ndipo Mwalimu alipotoa bahasha yake.

Ndani yake mlikuwa na mkataba wa mauziano, risiti ya mashine, picha za kistika na za kikombe kilichokosa themostati, maelezo ya fundi yaliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, na barua ya Mwalimu mwenyewe katika nakala mbili, moja ya kugongewa muhuri. Mwanawe wa tatu amesoma sheria Mzumbe, na usiku uliotangulia alikuwa amempigia simu na kumweleza neno kwa neno. Nitalieleza nawe, kwa sababu naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajawahi kuelezwa.

Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ilirithiwa kutoka kwa Waingereza, wao wakiwa wameiandika yao mwaka 1893. Sheria hiyo inasema kwamba mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani huhesabiwa ameahidi, hata asipotamka, kwamba bidhaa hizo zina ubora wa kuuzika, na kwamba zinafaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza akimtegemea yeye. Mwalimu alikuwa amewaeleza wazi kwamba gari ni la kupeleka watoto shule, Morogoro. Sheria inamlinda muuzaji pia: ukiwa umeikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Na ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema neno, unahesabiwa umeikubali, na baada ya hapo unaweza kudai fidia lakini si kuirudisha. Ndiyo maana kijana alimwambia baba yake, "Andika leo, peleka kesho." Tena alimwambia kwamba kwa sheria mnunuzi anayekataa bidhaa halazimiki kuirudisha mwenyewe, yatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa.

"Sasa kwa nini tunaipeleka?" nilimwuliza, nikitazama gari linavyotoa mvuke.

"Shemeji, barua haizibi lango la yadi," alisema. "Gari linaziba."

Muuza juisi, mzee wa Kibondei aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, aliingia katika mazungumzo. Alisema kwamba hata katika sharia ya Kiislamu mnunuzi akiona aibu iliyofichwa katika kitu alichouziwa ana hiari ya kukirudisha, na kwamba hilo alifundishwa chuoni kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu, ambaye ni Mlutheri, aliliandika jambo hilo nyuma ya bahasha.

Kutoka Chalinze barabara inashuka polepole kuelekea Mto Ruvu. Darajani tulipita mwendo wa baiskeli, malori yakitupigia honi. Mto huo unatoka katika Milima ya Uluguru tuliyoiacha asubuhi, nao ndio unaonywesha Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu, karibu na Mlandizi, umekuwepo tangu 1959, na wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, tangu 1976. Mlandizi tulijaza madumu yote mawili bombani. Kibaha tulipita kwenye lango la Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na ambako Mwalimu aliwahi kusahihisha mitihani. Alitaka kunionyesha bweni fulani, nikamwomba radhi kwamba tukisimama hapo hatutawaka tena.

Baada ya Kibaha barabara inapanuka kuwa ya njia nane hadi Kimara. Ni barabara nzuri, na watu waliobomolewa nyumba zao mwaka 2017 ili ipite wanaijua bei yake kuliko sisi. Mbezi kuna kituo kikubwa cha mabasi, na Ubungo kuna daraja la ngazi tatu, vyote viwili vilivyofunguliwa siku moja, tarehe 24 Februari 2021. Juu ya daraja hilo, saa tisa alasiri, tukiwa katikati ya foleni, gari lilianza tena kutoa moshi. Nilizima injini tuliposimama, nikawasha tulipotembea, tukishuka kama mtu mwenye mguu mmoja. Dereva wa bajaji alitukaribia dirishani. "Mzee, gari linaungua!" Mwalimu akamjibu kwa upole, "Tunajua, mwanangu. Ahsante."

Sitakutajia yadi ile, ndugu msomaji, wala barabara iliyopo. Iko Kinondoni, nazo yadi za Kinondoni ni nyingi. Ukuta wake ni wa mabati, na juu yake vibendera vya rangi vinapepea. Vijana watatu hufuta vumbi kwenye magari tangu asubuhi hadi jioni, na wakimaliza la mwisho la kwanza limekwisha kuchafuka. Langoni wamekaa madalali juu ya viti vya plastiki, kila mmoja na simu mbili. Walituona tukiingia na moshi wetu, nao wakanyamaza, wakaanza kutazama simu zao. Nililisimamisha gari hasa katikati ya lango, kwa sababu halikwenda tena. Naapa sikukusudia.

Ofisi ni kontena lenye kiyoyozi. Juu ya meza pana kibao ambacho hata wewe umekisoma katika maduka mia: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Meneja alikuwa kijana wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye adabu nyingi. Alisimama, akampa Mwalimu shikamoo, akaagiza maji baridi. Mambo yote hayo yalikuwa ya kweli, nami simnyimi. Kisha akaanza.

"Mzee wangu, gari ni chuma. Chuma kinaharibika hata kikiwa kipya."

Mwalimu alimpa barua. Meneja aliisoma mstari wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye mkataba, akaweka kidole chake mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Alisema hapo ndipo penye sahihi ya mzee, na kwamba mtu mzima akitia sahihi amemaliza. Alisema pia kwamba sisi wenyewe tumeliua gari kwa kulisafirisha bovu kutoka Morogoro. Hilo la pili lilinichoma, maana lilikuwa na ukweli kidogo, nami nilijua hivyo tangu Mikese.

"Nilitia sahihi kwamba nimelikagua," Mwalimu alisema. "Nililikagua kwa macho ya mwalimu wa hesabu. Niambie wewe, mwenye macho ya biashara hii: themostati iko wapi?"

"Mafundi wenu wa huko labda wameitoa."

"Na feni wameiunganisha wao? Waya umeshika vumbi la miezi."

Meneja alisema atalishughulikia, tuache gari, turudi wiki ijayo. Mwalimu akasema hapana. Meneja akasema watatubadilishia injini kwa nusu ya gharama. Mwalimu akasema hapana. Sauti ya Mwalimu haikupanda hata kidogo, ila ilibadilika, ikawa ile ya darasani, inayofika dawati la mwisho bila kupigwa kelele. Na kwa kuwa mlango wa kontena ulikuwa wazi, ilifika nje. Nje alikuwepo mama mmoja mwenye sare ya uuguzi aliyekuwa akiangalia gari dogo jeupe, pamoja na kaka yake. Nilimwona akiacha kushika mlango wa gari lile. Mwalimu alisoma namba za kistika kwa sauti: 27, na 131,000. Akaeleza maana yake, hatua kwa hatua, kama anayefundisha kidato cha kwanza. Akataja Sura ya 214. Akataja Tume ya Ushindani, ambayo chini ya sheria yake ya mwaka 2003 inawalinda walaji dhidi ya biashara ya udanganyifu. Akageuza bahasha, akataja na la mzee wa Chalinze. Mama muuguzi alikwenda kwenye gari dogo jeupe, akafungua mlango, akainama kutazama nguzo yake.

Meneja aliinuka akafunga mlango wa kontena.

Sikudhani kilichotokea baada ya hapo kingechukua saa mbili na nusu, lakini kilichukua. Mwenye yadi alipigiwa simu mara nne. Jambo moja lilitusaidia kuliko sheria zote: kadi ya gari ilikuwa bado haijahamishwa kwa jina la Mwalimu, kwa hiyo hapakuwa na safari ya kwenda mamlaka ya mapato kuyabatilisha yaliyofanyika. Pia gari lilikuwa bado limeziba lango, na madalali walikuwa wamekwisha kuingia mara mbili kuulizia. Hatimaye wakakubali kulipokea gari na kurudisha shilingi milioni 12 na laki 4. Laki 6 walizikata, wakaziita za usumbufu. Nusu ya fedha ililipwa palepale kwa benki, na nusu ingelipwa mwisho wa Julai, kwa maandishi na muhuri.

Mimi nilitaka tukatae. Usumbufu wa nani? Niliona damu ikinipanda kichwani, nikamwambia Mwalimu kwa kilugha chetu kwamba twende tukaanze na polisi. Alinitazama kwa muda. "Shule zinafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo," alisema. "Watoto kumi na mmoja." Akatia sahihi, safari hii baada ya kuusoma ukurasa wote mara tatu na kuongeza kwa kalamu yake maneno mawili ambayo meneja naye alilazimika kuyatia sahihi.

Tulirudi Morogoro kwa treni ya umeme, iliyokuwa na wiki mbili tu tangu ianze kubeba abiria, tarehe 14 Juni. Tulilipa shilingi 13,000 kila mmoja. Njia ile tuliyoishuka kutwa nzima tuliipanda kwa muda wa saa mbili hivi, gizani, bila kuona mkaa wala mto. Mwalimu alikaa na dumu la njano magotini, kwa kuwa alikuwa amerudi yadini kulidai. Mlinzi wa stesheni alilifungua, akalinusa, akamruhusu.

Dada alikodi gari la jirani yake mwezi mzima wa Julai, na faida yote ikaenda kwa jirani. Nusu ya pili ya fedha ilikuja ikiwa imechelewa siku tisa, baada ya simu nyingi. Mwezi wa Septemba walinunua gari jingine, dogo zaidi, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake wa zamani aliyekuwa akihama, na kabla ya kutoa hata shilingi moja Mwalimu alimpeleka fundi wake Dodoma kwa nauli yake mwenyewe, wakaliendesha hadi Gairo na kurudi.

Katikati ya mwezi ule mimi nilikuwa na shughuli Kinondoni, na miguu ikanipeleka upande ule. Gari la rangi ya fedha lilikuwa mstari wa mbele. Magurudumu yake yaling'aa. Kwenye kioo walikuwa wameandika bei kwa chaki nyeupe, shilingi milioni 13 na nusu. Nilisogea hadi mlango wa dereva uliokuwa wazi, nikatazama nguzo. Kistika kilikuwa kimebanduliwa. Ilibaki alama ya gundi tu, ya mraba, iliyoshika vumbi. Upande wa pili kijana mmoja na mkewe, aliyebeba mtoto mgongoni, walikuwa wakihesabu viti.

Dalali alikuwa anatujia. Nilizunguka mbele ya gari, nikampa yule kijana mkono, nikamwomba kabla hajalipa chochote amtafute fundi asiye wa hapo, amfungulie kile kikombe cha themostati.

"Kiko wapi?" aliniuliza.

Nikafungua boneti, nikamwonyesha.